Kaka yangu anamtafuta abiria aliyelisema basi lake

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka ishirini na minne, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Nilimaliza sekondari na sasa ninauza vitenge mjini. Niliolewa kiangazi kilichopita, na bado nikisikia funguo za mume wangu mlangoni moyo unanidunda kama wa msichana anayengoja kuposwa. Wanaochoshwa na mapenzi ya wenzao waruke mistari hii. Mwanaume huyu ananipigia pasi blauzi. Ananiita chérie mbele ya mama yake. Umeme ukikatika ananipepea kwa gazeti mpaka nasinzia.

Kazi yake ni kutengeneza programu za simu. Sasa ana moja ya wasafiri wa mji wetu, na sehemu inayomnyima raha ni ile ya tahadhari. Basi likiharibika, barabara ikijaa maji, au dereva akikatisha safari, abiria anabonyeza, na wote wanaongoja njia ile wanapata ujumbe. Maneno yake tuliyachagua pamoja mezani, tukitafuna karanga. Yeye aliandika "usumbufu wa usafiri", nikacheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia, "Chéri, hakuna mama wa Katuba anayesema hivyo. Andika: Wanashusha watu." Akaandika, kisha akanibusu kidole. Jambo moja tu alikataa kulibadilisha: jina la anayetuma halihifadhiwi popote. Hata yeye halioni. Alisema, "Kesho mama huyo atapanda basi lile lile. Asitukanwe kwa sababu yangu." Ilianza kujaribiwa kwenye njia yetu ya Katuba.

Na kwenye njia hiyo ndipo alipo kaka yangu. Ana mabasi madogo matatu, na kwa hayo matatu anataka aitwe Patron, hata na mama aliyemzaa. Anavaa koti kwenye joto ili watu waulize anatoka mkutano gani. Utajiri wake mnaujua ninyi mnaopanda. Basi linafika katikati ya njia, receveur, kondakta wake, anagonga bati, mnashushwa, halafu basi lile lile linapakia tena kwenda mjini na mnalipa mara ya pili. Yeye anaita hiyo akili ya biashara. Hata kuku anayedonoa jalalani anayo akili hiyo, ila kuku havai koti.

Siku moja nilikuwa ndani ya basi lake mojawapo, mvua inanyesha. Receveur akafungua mlango.

"Bote bashuke, mwisho iko hapa."

Mama mmoja mwenye beseni la unga akasema, "Mutoto yangu, tulilipa mpaka mu ville."

"Mama, lipa tena ao shuka."

Nikainuka pamoja na wengine. Receveur akanizuia kwa adabu nyingi. "Weye hapana. Weye ni dada ya Patron. Baki."

Nikakaa. Gari likawa tupu, mimi nimebaki kwenye kiti kama malkia wa wezi, na yule mama nje anavua kitenge mabegani ili aufunike unga wake, ananitazama. Nikatoa simu, nikachagua basi la Patron, nikabonyeza. Wanashusha watu. Sijutii.

Tangu siku ile watu kituoni wakawa wanayapita mabasi ya Patron kama mzoga. Jumapili akatuita kula kwake. Bukari, ugali wetu, ilikuwa bado imefunikwa alipoanza na mume wangu, shemeji yake.

"Beau-frère, niletee jina ya ule muntu."

"Yaya, haionekane. Hata miye siione," mume wangu akasema; yaya kwetu ni kaka mkubwa.

"Muntu anajenga nyumba, halafu hajue nani iko mundani? Uko ingénieur ao fundi ya radio?"

Shangazi zangu wakacheka, maana wanakula kwake. Kisha akanigeukia. "Na weye ulibaki mu gari. Nani alishika telephone?"

"Sikuona, yaya."

"Mulioana vizuri. Bwana haone, bibi haone." Akamnyooshea mume wangu kijiko. "Jumapili inakuya, ulete jina, ao utoe ile kitu mu telephone. Bila vile musikanyage hapa."

Hapo kwake ndipo mama yangu anapoishi. Miguu yake haimpeleki mbali tena, sisi ndio tunaomfuata.

Mume wangu alinawa mikono. Alinimegea samaki wa Kasenga, akaondoa miiba kwanza, akaniwekea sahani yangu.

Kesho yake aliniambia ataitoa tahadhari. "Mama yako ni mumoja. Application nitatengeneza ingine." Alitabasamu, lakini tangu siku hiyo anakaa mbele ya kompyuta bila kuigusa.

Jana nikiwa kituoni simu ikalia. Wanashusha watu, basi la Patron. Sikutuma mimi. Wanawake waliokuwa karibu nami wakasoma, wakajishika viuno, wakaliacha lipite. Receveur aliita mpaka sauti ikakauka. Nilifurahi kwa dakika moja, kisha nikakumbuka kwamba Jumapili tahadhari inazimwa.

Nikisema ni mimi, Patron atakuwa na jina analolitafuta na tahadhari itabaki, ila mlango wa mama utafungwa. Na mume wangu atajua kwamba alitukanwa kwa ajili yangu, nami nikiwa ubavuni mwake, ninakula samaki. Kaka simwogopi. Mtu anayeuza njia moja mara mbili haogopwi. Ninayemwogopa ni yule aliyenitolea miiba.

Ninyi mnaopanda njia ya Katuba, nishaurini kabla ya Jumapili: nibaki nimekaa tena, au safari hii niinuke?