Tarumbeta Chini ya Kitenge

Kwa miaka thelathini na minane Salomon Mathe alikwenda misa ya kwanza mikono mitupu, koti limefungwa hadi kidevuni, na mke wake Rébecca ndiye aliyebeba tarumbeta. Aliibeba kifuani, chini ya kitenge, na waliokutana naye kwenye baridi ile ya Kimemi, mtaa wa mlimani, walidhani ana kitoto kichanga. Mathe hakuacha kumchokoza.

"Unaibebaka sawa mutoto. Siku moja utainyonyesha."

"Weye uko na mikono ya kuangusha vitu," Rébecca alijibu. "Tembea, misa inaanza."

Basi Mathe akaamini hivyo, kwamba mke wake aliogopa chombo kisigongwe. Kanisani Rébecca alikaa kwenye kinanda, tarumbeta mapajani, kitenge juu yake, mahubiri yote. Padri akimaliza, alimpa mumewe, akabonyeza noti ya la, na Mathe akaidaka la ileile bila kuitafuta. Watu wa parokia walisema hakuna pumzi kama ya Mathe, naye, tuseme ukweli, hakuwa mtu wa kukataa sifa.

Rébecca alizikwa mwaka jana, wakati wa kuvuna maharage. Tangu hapo tarumbeta ililala msumarini ukutani, na Mathe akawa anaibeba mwenyewe, ikining'inia mkononi. Sauti ikaanza kushuka. Wimbo wa kuingia ulikuwa chini ya sauti ya kinanda hadi wanakwaya wakakunja nyuso; wa kutoka, ajabu, ulikuwa karibu sawa. Précieuse, aliyerithi kinanda na kwaya kwa pamoja, alivumilia miezi minne, kisha, Jumapili moja kabla ya sikukuu ya parokia, akamwita nje.

"Papa Mathe, mi naona haya kukuambia. Trompette yako inashuka. Fête ya paroisse ni dimanche yenye kuya. Kama ingali chini, tutapiga na kinanda tu. Weye utakaa na sisi, utaimba."

Ataimba! Mathe, ambaye akiimba hata mbuzi wake wanahama! Alirudi nyumbani akajilaza na viatu. Kuzeeka magoti hakukumtisha. Magoti yalimsaliti zamani. Aliogopa kwamba pumzi, kitu pekee alichokuwa nacho cha kujivunia, ilizikwa pamoja na Rébecca.

Alhamisi alishuka mji wa Beni, chini kwenye joto, kwa binti yake Josée, mwalimu wa fizikia, anayekaa mtaa wa Ruwenzori. Alitaka kumwachia tarumbeta aitundike kwake, maana kuiona kila asubuhi kulimuuma. Ilikuwa saa sita, jua kali. Josée aliipokea, akaiweka juu ya meza uani, wakala kwanza.

"Unipigie kidogo, papa, mbele ya kuiacha," alisema baadaye, akatoa la kwenye simu yake.

Mathe alipiga kwa kusitasita. La ikatoka safi, tena ikapita juu kidogo. Alirudia mara tatu, akichungulia ndani ya chombo utadhani kuna mtu amejificha.

Josée akainuka. Aliichukua, akaizamisha kwenye ndoo ya maji yaliyotoka chemchemi sasa hivi, akangoja, akakung'uta maji, akamrudishia. La ikashuka. Ilikuwa ileile ya Kimemi.

"Siyo pumzi yako, papa. Ni hewa yenye iko ndani ya bomba. Ikipata moto, sauti inapita ndani yake mbio, note inapanda. Ikipata baridi, sauti inaenda polepole, note inashuka. Kinanda iko na vilimi vya chuma, ile baridi hapana kuisumbua sana. Donc munaachana njiani."

"Mais zamani hapana kushuka! Miaka yote ile!"

Josée alimuuliza, "Zamani mama alikuwa anaibebaka wapi?"

Mathe akakaa chini, pale pale mlangoni. "Alijua?"

"Nilimuulizaka nikiwa mutoto. Akasema trompette ya papa yako inachelewaka kuamuka, lazima mutu aipashe moto. Nikauliza sababu gani hapana kumuambia. Akacheka. 'Papa yako anajisifuka muzuri, muache.'"

Mathe naye alicheka, kicheko kikageuka kilio, na hakujali majirani. Aliziona tena asubuhi zile zote: mlima wenye utelezi, harufu ya sabuni ya mkewe, kikohozi chake kidogo pale mume alipokwenda haraka mno. Miaka thelathini na minane alipokea sifa za watu, na hakumwambia mkewe asante hata siku moja.

Jumapili ya sikukuu ukungu ulikuwa mzito Kimemi. Mathe aliifunga tarumbeta kwenye kitenge cha Rébecca, akaiingiza chini ya koti. Chuma kilikuwa baridi ajabu. Kilipenya shati hadi mbavuni, akashtuka, akasimama njiani. Hakuwahi kufikiri kwamba kila asubuhi, kabla chombo hakijapata joto, ni mwili wa Rébecca ulioonja baridi ile kwanza. Akaikaza zaidi kifuani, akaendelea kupanda.

Précieuse alibonyeza la. Mathe akaidaka bila kuitafuta, na wimbo wa kuingia ukajaa kanisa.

"Papa, pumzi yako imerudia!" Précieuse alimnong'oneza, macho yakimng'aa.

Mathe, aliyependa sifa kuliko supu, alitikisa kichwa.

"Hapana yangu. Ilikuwaka ya Rébecca."

Kisha akaifunga tarumbeta tena kwenye kitenge, akaikumbatia, akangoja mahubiri yaishe.