Mnara wa Kukaushia Mipira

Mimi ni mjane niliyeanza shule ukubwani, na ninajivunia daftari langu la Kiswahili kuliko vyeti vyote. Jumatatu, tarehe 3 Februari, ofisi yetu ya wasanifu majengo hapa Stockholm ilinikabidhi mchoro wa kwanza wenye jina langu: kituo cha zimamoto cha kijiji cha Wakrii, wenyeji wa asili wa mbali kaskazini mwa Kanada. Mwenzangu alinisomea mahitaji yao kwa Kiswidi, nami nikaandika daftarini kwa Kiswahili: "Mnara wa kukaushia mipira, mita kumi."

Juma lililofuata niliyasoma maneno hayo nikastaajabu. Mita kumi kwa mipira! Nikaamua kwamba watu hao ni wapenzi wa kandanda, na theluji huwaloweshea mipira. Nikachora rafu arobaini, kila moja na tundu la mviringo la kuwekea mpira.

Jumatano, tarehe 12, saa tisa alasiri, mkuu wao wa zimamoto alitokea kwenye skrini, mwenzangu akitutafsiria. Asingeidhinisha mchoro siku hiyo, ujenzi ungengoja kiangazi kingine.

"Mama, rafu hizi ni za nini?"

"Za mipira yenu, bwana," nikajibu kwa fahari. "Ikauke kabla ya mechi."

Kisha akainama, akainua mpira wa kuzimia moto, mrefu, ulioganda kama mti.

"Tunakausha mipira hii, mama, tukiitundika mnarani."

Uso uliniwaka kiasi cha kuhitaji kituo chake. Naye akaangua kicheko.

"Mnara ni mzuri, nauidhinisha. Ondoa rafu thelathini na tisa. Moja iache, mpira wa kandanda tunao, na kweli hulowa."