Mbegu Niliyoandika Kuwa Ipo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa sinia la mchanga, kibano cha chuma na maharage mia moja, nikaambiwa niyapange mistari kumi, kila mstari maharage kumi. Nilikuwa nimetoka Gairo wiki ileile, binti wa kidato cha nne, na kwetu mtu akipanda maharage hutumia jembe na kisigino. Nikacheka. Mkuu wa Maabara, mzee mrefu ambaye koti lake jeupe lilipigwa pasi mpaka mifukoni, hakucheka.

"Binti, kuna nini?"

"Samahani, mzee. Nyumbani haya yangekuwa yameshabandikwa jikoni."

"Basi hapa utayaangalia bila kuyala. Panga."

Kazi hiyo inaitwa kipimo cha uotaji. Unachota sampuli, yaani kiasi kidogo cha kuliwakilisha gunia zima, unaipanda kwenye mchanga uliokaangwa ili vimelea vife, unanyunyizia maji. Siku ya tano unahesabu zilizoota, siku ya tisa unahesabu tena, unaandika. Mbegu zikiota chache, gunia halitoki getini. Kazi yenyewe inachosha mgongo na macho, lakini niliipenda, na kwa miaka mingi pale kwenye kituo chetu cha utafiti wa mbegu, chini ya milima ya Uluguru, nilijiona mtu muhimu kuliko mshahara wangu ulivyosema.

Mkuu wa Maabara alinipa kanuni mbili. Ya kwanza, usipande zote. Nusu ibaki kwenye pakiti, maana kipimo kinakula mbegu. Ya pili, usiandike usichokiona kwa macho yako. Ya kwanza nimeishika hadi leo. Ya pili niliivunja mara moja tu, na ndiyo inayonifanya niwaandikie ninyi mlio kazini sasa.

Mwaka wa nne nilihamishiwa kitengo cha mikunde, yaani maharage na jamii yake, chini ya Mtafiti Mkuu. Huyu alikuwa mama mfupi, mkali, aliyevaa mabuti ya mvua hata kiangazi. Tulikuwa tunapanda milimani na mizigo ya mbegu mpaka juu ya Kinole, ambako ukungu hukaa shambani hadi saa nne asubuhi. Maharage ya kawaida hayapendi kule. Mizizi huoza udongoni kabla ua halijatoka, mmea unabaki umesimama kama mzima, ukiuvuta unakuja wote mkononi.

Shamba la majaribio alitupa mama mmoja mjane, Koleta, mkubwa kwangu kwa miaka kama mitano. Tulipanda kwake mistari ishirini, kila mstari aina yake, hatukuipa majina ila namba. Mvua ilinyesha vibaya msimu ule. Tuliporudi, mstari mmoja tu ndio ulikuwa na rangi ya kijani, wa kumi na saba. Mtafiti Mkuu alipiga magoti kwenye tope, akafukua mzizi kwa vidole, akautazama, akanipa na mimi niutazame. Ulikuwa mweupe, mzima. Yule mama mkali alikuwa analia.

"Hii mniachie," Koleta alisema. "Nina watoto wanne, na mwezi wa nne kwangu huwa hakuna kitu."

Tulimwachia. Ikapita miaka, Kumi na Saba ikaenea kwenye mashamba yote ya juu. Yalikuwa maharage madogo, ya kahawia iliyokolea, mchuzi wake mweusi, na kuni zilikwisha kabla hayajaiva. Lakini yaliwavusha watu kwenye miezi ya njaa. Msimu wa kwanza wa mavuno Koleta alinialika kwenye misa ya shukrani kigangoni kwao. Kwaya yao ilikuwa na kayamba mpya ya matete. Akanisogezea sikioni, akaitikisa.

"Nimeijaza Kumi na Saba," akasema. "Na yenyewe imshukuru Mungu."

Siku zile mngeniuliza nini kinaleta maendeleo, nisingefikiri mara mbili. Ningewaonyesha ule mzizi mweupe.

Halafu mambo yakabadilika. Ushirika uliokuwa unakusanya mazao ulififia, na wafanyabiashara wakaruhusiwa kufika wenyewe hadi mashambani. Kinole alikuja Bwana Salehe na Fuso lake. Wengine hupenda kusimulia kwamba watu wa aina yake walikuja kunyonya. Mimi nilimfahamu, sitamsingizia. Alisalimia wazee, alilipa papohapo, na mvua ilipokata barabara alikodi vijana wakaichonga. Ila alitaka maharage ya njano.

"Mimi sijamlazimisha mtu, Mama Zawadi," aliniambia nilipomdadisi. "Mjini wanataka ya njano, yanaiva upesi na mchuzi wake unapendeza. Haya meusi yenu nikayauze wapi, kwa nani?"

Koleta alipanda ya njano. Misimu ile mvua ilikuwa ya wastani, yakazaa vizuri. Aliezua makuti akaezeka bati, na kijana wake mkubwa, Dismas, akaenda chuo. Nilikwenda kumpongeza, tukanywa chai yenye mdalasini wa shambani kwake. Bati lile halikuletwa na maabara yetu. Lililetwa na Fuso, na nilifurahi kwa moyo wote.

Pale kituoni tukapata Mkuu wa Kituo mpya, kijana kuliko sisi, mchangamfu, aliyependa vikao vyenye soda. Katika kikao cha kwanza aligombana na Mtafiti Mkuu mbele yetu wote.

"Utafiti usiouzika ni mchezo," alisema. "Tumekaa na pakiti mamia kwenye chumba baridi. Nani ameshiba kwa pakiti? Binadamu anasonga mbele pale mtu anapokuwa na haja ya kuuza na mwingine ana haja ya kununua."

"Na siku ikija kuhitajika mbegu ambayo leo hainunuliki?" akauliza Mtafiti Mkuu.

"Ikihitajika, itapata bei. Ikipata bei, atatokea wa kuileta."

"Ataitoa wapi, mwanangu?"

Watu walicheka, nadhani kwa sababu ya lile neno mwanangu. Mkuu wa Kituo naye akacheka. Baada ya miezi michache Mtafiti Mkuu alistaafu, akarudi kwao na mabuti yake. Funguo za chumba baridi nikaachiwa mimi.

Chumba baridi ndimo mbegu hulazwa zisizeeke. Mtambo wa kupoza ulipokufa, tukaambiwa tutapata mdogo, kwa hiyo tuchague za kubaki. Zitakazobaki ni zile ambazo makampuni yanaziulizia. Kwa kila aina inayoondolewa ilijazwa fomu moja, na safu ya mwisho iliuliza: je, aina hii inapatikana kwingine? Kama haipatikani, haiondolewi. Hilo lilikuwa wazi kabisa, na Mkuu wa Kituo mwenyewe alilisisitiza. Simlaumu.

Fomu ya Kumi na Saba niliijaza Ijumaa mchana. Kupanda Kinole kuhakikisha kungenichukua siku mbili, njia ilikuwa tope, na fomu zilitakiwa Jumatatu. Nikajiambia, Koleta? Koleta aiache Kumi na Saba? Hata kuuliza ningemtukana. Nikaandika: *Ipo kwa wakulima, Kinole.* Nikatia sahihi kwa mwandiko mzuri.

Pakiti zilizoondolewa walizichukua wapishi wa kantini. Jumatano yake tulikula makande, na mchuzi ulikuwa mweusi. Niliutambua. Nikala sahani mbili, nikasema, jamani, haya maharage nayakumbuka toka ujanani.

Nilibakiza miaka mitatu kustaafu mvua kubwa zilipoanza. Zilinyesha mwaka wa kwanza, zikarudia wa pili. Asubuhi moja mlinzi aliniita getini. Nikamkuta Koleta, kanga imelowa, viatu mkononi.

"Shikamoo, dada Koleta. Karibu ndani."

"Marahaba. Sikai, gari linarudi. Nimeifuata Kumi na Saba. Kule juu ya njano yameoza yote, mwaka wa pili huu. Nipe hata kibaba, nitaizalisha mwenyewe."

"Kwako haipo?"

"Kwangu?" Alinishangaa. "Ya mwisho niliipika ile siku Dismas anarudi likizo. Nikasema niitunzie debe la nini, panya waitoboe bure? Ile ni mali ya kituo. Kituoni ipo."

Alinitazama usoni, na kwa kuwa tulifahamiana miaka mingi, alielewa kabla sijafungua mdomo. Akakaa chini palepale kwenye kokoto.

"Majirani?" nikauliza.

"Mama Zawadi, majirani walikuja kuuliza kwangu."

Nilimwambia kila kitu, fomu, safu, makande. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alivaa viatu vyake, akaniomba nimsindikize kituo cha gari, na njia nzima alinishika mkono. Hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko tusi.

Miaka yangu ya mwisho kazini niliitumia kutafuta. Niliandika barua vituo vingine, nikapanda vijiji vya juu nikichungulia vihenge vya watu. Watu walinikaribisha, walinipa ndizi, waliikumbuka vizuri sana ile mbegu. Wote walidhani ipo mahali. Nilimkuta hata Bwana Salehe, mvi kichwani, akiuza simenti, akaniahidi kuulizia kwa wenzake. Alinipigia simu baada ya wiki mbili. "Nimeuliza hadi nimechekwa," alisema. "Mama, bei ipo. Mbegu ndiyo hakuna."

Koleta aliliacha shamba la juu. Lile bati aliling'oa akaliuza, akateremka kuishi kwa Dismas hapa mjini, Kihonda, kwenye nyumba yenye umeme na bomba ndani. Hakosi chakula. Lakini mtu aliyelima miaka yote hajui afanye nini na asubuhi, na kila nikimtembelea namkuta ameketi barazani akiutazama mlima.

Mwaka jana mjukuu wangu alinipeleka kwenye mdahalo shuleni kwao. Mada: sayansi imechangia maendeleo ya binadamu kuliko soko huria. Walichapana kwa hoja, wakapigiana makofi, mpaka msichana mmoja wa upande wa kupinga akanigeukia. "Bibi, wewe umeyaishi yote mawili. Mshindi nani?" Nikasema sijui, wakacheka, wakadhani nimezeeka.

Ninyi mlio kazini, wajukuu zangu, nawaambia ambacho wale watoto sikuwaambia. Sayansi ilitoa ule mzizi mweupe, na bila hiyo watoto wa Koleta wangelala njaa. Soko lilitoa bati na chuo cha Dismas, na maabara yetu isingetoa hata msumari. Nimeyaona yote mawili kwa macho yangu na sitayakana. Ila vyote viwili vilikuwa vinahesabu kinachoingia. Kinachotoka kilihitaji mtu wa kukiangalia na kukiandika, na aliyeajiriwa kwa kazi hiyo alikuwa mimi.

Miezi miwili iliyopita Koleta alikuja nyumbani na kifurushi kwenye kanga. Kigangoni kule mlimani walinunua ngoma mpya na kinanda, vyombo vya zamani wakavigawa, akapewa kayamba yake.

"Humu imo," akasema. "Sijaifungua. Nikasema niilete kwa mwenye kazi."

Mimi niliyefanya kazi ile miaka yote, nilijua. Mbegu iliyokaa kwenye joto na kutikiswa kila Jumapili hupasuka ganda, na kiini hufa. Nilijua kabla sijaishika. Lakini nilikaanga mchanga, nikaupoza, nikafungua kamba za matete upande mmoja, nikamwaga maharage kwenye sinia la chai. Madogo, ya kahawia, yameng'aa kwa kusuguana. Koleta akayagusa kwa kidole kimoja. Nikapanda nusu, nusu nikaiacha.

Siku ya tano alikuja. Hakuna. Tulimwagilia, tukaongea habari za wajukuu. Siku ya tisa alikuja mapema, nikafukua mbele yake, moja moja, kwa kibano changu cha siku ya kwanza, ambacho niliondoka nacho kituoni bila ruhusa. Yote yalikuwa yameoza, yakipondeka kwa kuguswa. Nilikuwa na daftari. Niliandika sifuri, na safari hii nilikuwa nimeiona kwa macho yangu.

"Tupande na ile nusu?" nikauliza.

"Hapana. Ikioza na hiyo, nitatikisa nini?"

Tukairudisha ndani ya kayamba. Aliitikisa karibu na sikio, uso ukamkunjamana.

"Imekuwa nyepesi. Jikoni una maharage?"

"Yapo ya njano."

"Lete."

Nikaleta bakuli. Alimimina viganja viwili, nikafunga kamba nikimshikia matete yasiachane, akaitikisa tena. Ililia vizuri, kwa nguvu, pengine kuliko zamani. Koleta aliendelea kuitikisa polepole, kichwa amekiinamisha, akitafuta ndani yake ile sauti nyingine. Nami nikainama, nikatafuta naye.