Mfalme Aliyesema Kiaskari

Nyumba yetu ya uchapishaji ni meza moja. Iko sebuleni, hapa Oli, ukingoni mwa mji wa Arua, na imegusana na kitanda cha mume wangu kwa sababu hakuna pengine pa kuiweka. Tunatoa hadithi za ajabu kwa Kiswahili: mazimwi, falme za chini ya maji, mapanga yanayomjua mwenyewe kwa jina. Nikisema "tunatoa" watu hudhani tuko wengi. Niko mimi, mwalimu wa Kiswahili niliyeacha kufundisha, na kompyuta yenye kioo kilichopasuka. Maboksi ya vitabu yanakaa chini ya kitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi mgongo umekwisha kwa kuinama.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori kati ya Arua na Koboko. Siku moja alipanda juu ya mzigo kufunga turubai, kamba ikakatika, akaanguka chali. Huu ni mwaka wa pili, kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu. Kila baada ya saa mbili lazima nimgeuze asije akatoka vidonda vya kulalia. Kuna mpira wa mkojo wa kuangalia, kuna kumwogesha, kuna uji. Watoto ni wakubwa na wako mbali. Nikifika katikati ya sentensi, zimwi limeshainua mguu, nasikia, "Mama watoto!" Naenda. Nikirudi, sikumbuki tena zimwi lile lilitaka kumkanyaga nani.

Watu wananiambia ng'ombe haelemewi na nunduye. Haya, sawa. Lakini ng'ombe mwenyewe nani alimwuliza?

Mwandishi wa kutegemewa tunaye mmoja tu, mwalimu wa shule ya msingi huko Ludara, Koboko. Alikuwa anaandika hadithi ya vitabu vitatu kuhusu mfalme wa maji anayelinda kivuko. Tulikuwa tunakitoa cha kwanza. Cha pili alikuwa amekimaliza kwa mkono, kwenye madaftari, akasema atanikabidhi akishakishika cha kwanza. Bila hicho cha pili sina cha kuchapisha. Nilimwambia mume wangu wazi: huyu dada akituacha, meza hii naipeleka jikoni, nikaange mandazi.

Na balaa nililitafuta mwenyewe. Mume wangu alikuwa anashinda akihesabu mabati ya paa, nikamwonea huruma, nikamwekea kompyuta kwenye ubao juu ya tumbo. "Soma uone herufi zilizoanguka," nikamwambia. "Herufi tu, umesikia?" Akasoma wiki nzima bila kuniita ovyo. Jamani, nilifurahi! Nilipata hata usingizi wa mchana.

Siku ya kutuma kitabu Kampala kwa mchapaji, mimi nilikuwa Koboko kwa mwandishi, tunakubaliana juu ya jalada. Jirani alibaki na mume wangu. Mchapaji akapiga simu: faili ije sasa hivi, la sivyo tusubiri mwezi mwingine. Nikampigia mume wangu aitume. Kompyutani kulikuwa na faili mbili. Ya kwangu niliiita "mwisho." Yeye alikuwa na ya kwake, ameiita "mwisho kabisa."

Maboksi yalipokuja na basi, nilichomoa nakala kumi nikampa dereva wa teksi azifikishe Ludara, nikakimbia nyumbani kumgeuza mtu wangu. Sikusoma hata ukurasa mmoja. Kesho yake asubuhi simu ikalia.

"Mama," mwandishi akauliza, "huyu mfalme ni wa nani?"

Nikafungua kitabu, simu iko sikioni. Mfalme niliyemjua mimi alisema, "Ewe msafiri, ni nani aliyekuruhusu kukanyaga ukingo wa maji yangu?" Huyu wa kitabuni alikuwa anasema, "Wewe! Iko wapi kibali? Mutu gani natuma wewe hapa? Kaa chini!" Na ndivyo alivyosema mpaka ukurasa wa mwisho. Mume wangu ni mtoto wa kambi ya askari. Ukoo wao ulikuja huku na jeshi kutoka Sudani, na Kiswahili hicho cha kiaskari ndicho alichokulia, ndicho anachosema mpaka leo. Alikuwa amemfundisha mfalme. Tena kibaya zaidi, nilipofika pale mfalme anapomwamuru mamba asimame wima apige saluti, nilicheka. Nikajichukia.

"Nisamehe, dada," nikasema. "Kosa ni langu. Nina mgonjwa nyumbani, faili zikanichanganya."

Kitandani mume wangu akaanza kuupiga ubao kwa ngumi. "Sema ni mimi! Ambia yeye ni mimi!" Nikamwekea kidole mdomoni anyamaze.

Baada ya siku mbili mwandishi akaja mwenyewe. Mkobani alikuwa na yale madaftari ya kitabu cha pili, niliyaona yakichungulia. Nikamkaribisha kiti, nikaenda kuchukua chai huku nikitunga uongo wa pili. Kabla sijarudi na vikombe mume wangu alishaanza.

"Karibu, mwalimu. Mimi natuma ile kitabu. Si bahati mbaya. Mfalme yako nasema kama redio, hapana ogopesha mutu."

"Dada, usimsikilize," nikadakia, "anaumwa."

"Mgongo ndiyo nagonjwa," akasema. "Kichwa iko sawa."

Nilitegemea yule dada aseme pole. Kila anayeingia humu humwambia pole, kisha hunigeukia mimi: anakula? Analala? Utadhani pale kitandani kumewekwa gunia. Huyu hakusema pole. Alisimama katikati ya chumba akamtolea uvivu. Nani alikuruhusu? Ulikuwa wapi nilipokuwa naandika nikiwa nimechoka kusahihisha madaftari ya darasa zima? "Nilipokuwa mdogo," akasema, "Kiswahili kilikuja kwetu pamoja na bunduki. Mama akikisikia njiani, anazima moto, tunalala njaa. Nilipokwenda shule nikakuta lugha ileile ina methali, ina mashairi. Nikasema nitamtunga mfalme mpole, ili mtoto wa Ludara akisikia Kiswahili asikimbie. Na wewe umemvisha buti!"

"Baba yangu navaa buti," mume wangu akajibu. "Na kwa hii Kiswahili ya buti yeye nachekesha mimi kila siku. Hii nayo hapana lugha?"

Wakabishana, Mungu wangu! Majirani wakaja mlangoni kuchungulia. Tangu aanguke nilikuwa sijaisikia sauti ya mume wangu ikitoka nje ya nyumba. Mwishowe yule dada akashusha pumzi. "Lugha yako sina ugomvi nayo," akasema. "Lakini mfalme si wako."

"Hapo iko kweli," mume wangu akasema. "Mimi nakosa."

Nikadhani yamekwisha. Hayakwisha. Yule dada alikunywa chai yake yote, akatushukuru, akauvaa mkoba wake. Nilimfuata mpaka barabarani nikimbembeleza. Akanishika mkono, akasema hana kinyongo na mtu, ila kitabu cha pili hawezi kukiacha katika nyumba hii. Akapanda boda, madaftari yakaenda.

Nikarudi ndani. Mume wangu ameketi ameegemea mito, macho yanang'aa, utadhani katoka harusini. "Nasikia vile yeye natukana mimi?" akasema. "Mama watoto, leta chai ingine."

Chai! Hapo nikapasuka. Mama mkwe aliniusia kwamba mgonjwa hagombezwi, na miaka yote miwili nilikuwa nimeuma meno. Siku hiyo niliyatoa yote. Nikamwita mjinga, nikamwita mwenye kiburi. Nikamwambia kitabu kile kilikuwa kitu pekee humu ndani ambacho hakikuwa mkojo wala uji, na amekiua kwa mikono yake akiwa amelala. Nikamwambia nimechoka kuamka, nimechoka kuitwa, nimechoka kusifiwa na majirani. Nilikuwa nalia na kugombeza kwa wakati mmoja, kamasi zinanitoka, sijali.

Niliponyamaza ili nivute pumzi, akasema taratibu:

"Tangu mimi naanguka, wewe hapana gombeza mimi hata siku moja. Nageuza mimi, nafuta mimi, nasema sawa, sawa. Mimi nafikiri wewe nakwisha toka zamani. Hapa iko mikono tu."

Haukuwa uongo. Nikavuta kiti, nikakaa karibu na uso wake.

"Bado sijamaliza," nikamwambia.