Siku Zizi Likiwa Tupu

Wifi yangu ni mbishi. Nianze na hilo, maana wanaomsifu kwa upole hawajawahi kukaa naye jikoni. Ukimwambia chumvi imezidi, anaongeza. Kaka yangu mdogo alimwoa akilijua hilo, na alipofariki alimwachia nyumba ya vyumba viwili, ng'ombe mmoja wa maziwa, na kondoo ambao wifi aliwajua kwa sura kama mwalimu anavyowajua watoro. Marehemu alikuwa akilalamika kwamba nyumba ile ikipiga kura, yeye anashindwa na kondoo.

Baada ya mazishi akaja kaka yetu mkubwa. Huyo sauti yake hufika kwanza, tumbo linafuata. Akajibwaga kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa, akasema mjane hakai peke yake. Wifi afunge nyumba, ahamie kwake akasaidie kazi. Kusaidia kazi! Nilijua ni kufulia watoto wake na kulala stoo.

"Shemeji, na hawa kondoo nimwachie nani?" wifi akauliza.

"Haya, kaa nao. Siku zizi likiwa tupu nakuja na gari."

"Likiwa tupu, njoo."

Wakapeana mikono mbele yangu. Tangu hapo kondoo wakiwapo, nyumba ni yake, na wote watatu tulijua hivyo.

Mvua zilipokatika, kondoo mmoja akagoma kula. Alisimama kichwa chini, udenda unamtoka, uso umevimba. Wifi akampanua mdomo, nami nikachungulia. Ulimi ulikuwa mnene, umepiga buluu kama wa mtoto aliyeiba zambarau. Kesho yake wengine wawili walikuwa wanachechemea.

"Ugonjwa uko mdomoni, basi unapitia mdomoni," wifi akatoa hukumu. Nani angembishia? Akachemsha maji, akasugua mahori ya kulishia, akawafungia wagonjwa bandani. Wazima akaamua kuwahamishia mbali, bondeni kando ya kijito. Ng'ombe naye akaenda nao, kwa sababu alikuwa mzima na maziwa yanatoka vizuri.

Tulijenga boma la miti kule chini, mimi nikibeba, yeye akichimba. Jioni swala walishuka kunywa maji, wamenona, ngozi zinang'aa.

"Unaona?" akaniambia. "Hata wa porini wako wazima. Hapa ni salama."

Usubi ulitutafuna mpaka ndani ya masikio. Tukawa tunajipiga makofi na kuchekana. Mungu wangu, tulicheka kweli.

Kilichofuata sipendi kukisimulia. Wale wa bondeni wakaanza kuugua kwa mkupuo. Midomo ikapasuka, kwato zikawauma hadi wakawa wanatembea kwa magoti. Asubuhi ukifika unakuta mmoja amelala ubavu, usiku umeshamaliza kazi yake. Ng'ombe pembeni anacheua tu, hana habari.

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki, matope mpaka kiunoni. Alipima, akatoa damu, akatazama kijito.

"Nani aliwaleta huku?"

"Mimi," wifi akajibu.

Daktari akavua kofia. Alisema taratibu kwamba ugonjwa ule haupiti kwenye hori wala majani, unaenezwa na usubi, hasa jioni, hasa penye tope na samadi. Ng'ombe na swala wanaweza kuubeba kwenye damu bila hata kukohoa. Usubi ukishamnyonya mmojawao unahamia kwa kondoo, na kondoo ndiye anayekufa.

"Pole sana, mama. Waingize ndani kabla jua halijazama."

Nilimsubiri wifi abishe. Hakubisha. Alitazama ile miti tuliyoichimbia, akaokota jembe lake, akaanza kupanda kilima. Hapo ndipo nilipoogopa.

Tulitoa makochi nje, kondoo waliobaki wakaingia sebuleni, madirisha tukayaziba kwa mashuka. Tulikuwa tumechelewa. Walikufa mmoja mmoja kwenye sakafu ambayo wifi alikuwa akiipiga deki kila asubuhi, na wale wa bandani nao wakaisha. Akapona mmoja tu, jike lenye mimba tuliloliita Bibi Harusi kwa maringo yake. Wifi alimlisha uji kwa kiganja.

Kaka akapiga simu. "Vipi, bado?"

"Bado yupo mmoja, shemeji. Na tumboni yupo wa pili."

Siku hizo alirudi kubishana nami, hata kuhusu mawingu. Nilifurahi, sitasema uongo.

Bibi Harusi alizaa asubuhi, zizini, akafa mchana. Mwili ulikuwa umekwisha. Mwanawe alisimama. Sote wawili tukapiga kelele za furaha kama wehu. Kisha akaanza kutembea kwa mduara, akaenda mpaka ukutani, akaweka paji la uso pale, akabaki kusukuma. Wifi akamgeuza. Akarudi ukutani.

Daktari alisema ugonjwa ulimkuta tumboni, ubongo haukukua. Hatamwona mtu, hatatafuta chuchu. Hatadumu.

Kaka alifika na gari siku iyo hiyo jioni. Sijui nani alimwambia. Alikuja akinguruma mpaka mlango wa zizi, akasimama. Wifi alikuwa ameketi kwenye majani, chupa ya maziwa mkononi, akimminyia mwanakondoo matone mdomoni.

"Shemeji," akasema bila kuinua uso, "zizi si tupu."

Kaka alimtazama yule mnyama. Nilidhani ataona haya aondoke. Alirudi garini, akazima injini, akashusha kioo, akakaa kusubiri.

"Wifi," akaniita kutoka pale kwenye majani, sauti kavu, "nipashie maziwa mengine."

Nikachukua sufuria. Nyuma yangu nilisikia kwato ndogo zikienda tena ukutani, na yeye akiinuka kumgeuza.