Chupa Nyekundu ya Kitale

Mume wangu alipokwenda Italia kusomea usindikaji wa maziwa, mimi nilibaki Mabanga, kwenye chuo cha wakulima, nikiwafundisha wake wa wakulima mapishi na ufugaji wa kuku. Mwanzoni barua zake zilikuja kila baada ya wiki mbili. Katika moja aliandika kwamba huko, kabla ya chakula cha jioni, watu huketi nje wakinywa kinywaji chekundu, kichungu, chenye kipande cha chungwa. Sentensi hiyo niliisoma mara nyingi kuliko zile za mapenzi. Nilitaka kujua mdomo wake ulikuwa unaonja nini.

Mwaka wa pili akaandika kuwa angekuja Krismasi. Nikaanza kukitafuta hicho kinywaji. Bungoma hawakukijua, Kanduyi nilionyeshwa dawa ya kifua. Jumamosi moja nikaenda Kitale, kwenye duka la zamani la Mhindi mmoja mzee. Alipanda ngazi, akashuka na chupa iliyojaa vumbi.

"Mama, hii ni chungu sana," alinionya. "Wazungu wa mashamba ndio walikuwa wananunua. Wameenda wote."

"Nipe tu. Mzee wangu anarudi."

Akaifuta taratibu kwa kitambaa, kisha akaifunga kwa gazeti mara mbili.

Krismasi ilipita. Barua ya Januari ilisema masomo yameongezwa. Ya Aprili ilikuwa fupi: amepata kazi, na kuna mwanamke. Hakutaka nisikie kwa watu.

Jioni hiyo nilitoa kiti nje, nikakata chungwa, nikafungua chupa. Barafu sikuwa nayo. Nilitia maji ya mtungi. Uchungu ulinishika ulimi, ukashuka hadi kifuani. Nilikunywa polepole nikitazama barabara, ambako hapakuwa na mtu wa kutarajia.

Aliyetokea ni mama mkwe, kwa miguu kutoka Kanduyi. Naye alikuwa amepata barua yake.

"Unakunywa nini, mwanangu?"

"Kile anachokunywa huko."

Mama huyu wa kanisa, ambaye hakuwahi kugusa hata pombe ya busaa, alichukua gilasi akaonja. Akafumba macho.

"Si hii ni kama kwinini!" akasema. "Ati anaacha chakula yetu kwa sababu ya hii?"

Tulicheka, halafu akalia, nami nikamshika mkono.

Iliyobaki niliimaliza peke yangu, kidogo kidogo, jioni nyingi. Mwishowe nikaipenda, lakini sikurudi Kitale kutafuta nyingine.

Miaka kadhaa baadaye mume wangu alikuja kumzika mama yake. Mvi zilikuwa zimemjaa. Nilimpikia ugali na kuku, akala akamaliza.

"Uko salama?" aliniuliza.

"Nimezoea."

Aliitikia kwa kichwa, akatazama mikono yake. Siku ya nne akaondoka, nami nikarudi darasani kwa wanafunzi wangu.