Walimleta Baba Mkwe Mbele Yangu Ili Waone Nitakavyokimbia

Ndugu Mhariri, nimeona unavyowafichia majina wanaokuletea mambo yao. Nami nifiche hivyo hivyo, maana mume wangu husoma gazeti hili mpaka matangazo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, bado ananyonya. Nina miaka ishirini na mmoja, nimesoma hadi darasa la nne kwa misheni, mtanisamehe mwandiko. Ni Mnyakyusa, nimeolewa na Mnyakyusa mwenzangu, mwalimu, tunakaa Mwanjelwa hapa Mbeya. Wasomaji wa makabila mengine mjue jambo moja: kwetu mke hamtazami baba mkwe wake usoni, hakai naye chumba kimoja, wala hataji jina lake. Hata neno linalofanana na jina hilo hulikwepa, akatafuta jingine. Akikutana naye njiani hujifunika akaingia majanini. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Tukienda kwao Rungwe, mama mkwe humchukua mtoto akampeleka kwa babu yake, nami nikiwa nyuma ya nyumba namenya ndizi namsikia mzee anavyocheka naye. Sijawahi kuiona sura yake vizuri, lakini kicheko chake nakijua, na nakipenda.

Sasa sikilizeni. Mume wangu anamsaidia mzungu mmoja anayekusanya maneno ya makabila kama watoto wanavyokusanya kumbikumbi. Mwaka huu wakaitana Iringa, wazungu wa ng'ambo, mapadri na walimu, wakutane kuzungumza habari za lugha zetu, jinsi zinavyotofautiana, zinavyochanganyikana, na mila zake. Mume wangu akaniambia, “Mama mtoto, wanataka kusikia maneno ya wakwe. Utasema kidogo, utakaa.”

Nikamwuliza, “Mzee hatakuwapo?”

“Mzee afuate nini Iringa? Wewe nawe!”

Nikaamini. Nilifurahi hata, nikafua khanga yangu nzuri. Nilifikiri wakubwa wakituuliza habari zetu, ni kwa sababu wanatuheshimu. Tukapanda basi, Chimala nikamnunulia mtoto uji, nikafika Iringa nimejaa vumbi na matumaini.

Jamani, niliyoyaona huko! Watu wazima walibishana asubuhi nzima kama Kiswahili chetu cha bara ni Kiswahili au ni takataka, na ubishi wenyewe wakaufanya kwa Kiingereza, mume wangu akinitafsiria. Mmoja alisoma karatasi juu ya Wasafwa na Wanyakyusa wanavyoazimana maneno. Mimi jirani yangu ni Msafwa, tunaazimana chumvi na maneno kila siku, nilikuwa nimekaa pale pale na hakuna aliyenigeukia. Walinitazama mara moja tu, mtoto alipolia, wakakunja uso. Kisha wakanywa chai.

Baada ya chai nikaitwa mbele, mtoto mgongoni. Wakaniwekea mashine ya kunasa sauti. Nikaanza kusema, nikasikia mlango. Kugeuka, ni baba mkwe wangu, ameshikwa mkono na mume wangu, anaongozwa kwenye kiti mbele yangu kabisa. Maskini mzee alikuwa ameambiwa anakwenda kuulizwa habari za ng'ombe wa zamani. Walitaka kuona kwa macho yao mkwe anavyomkimbia mkwe.

Nilijifunika khanga, nikaanguka chini, nikatambaa na mtoto mgongoni mpaka mlango wa nyuma. Mzee naye alikwisha kugeukia ukutani, mikono usoni, mtu wa mvi vile. Huko nyuma nikasikia makofi. Mzungu wa mume wangu akasema kwa Kiswahili chake cha kitabu, “Vizuri sana! Lakini wa nyuma hawakuona. Tafadhali arudie.”

Arudie! Na hao ndio wenye elimu. Mbuzi wa mnadani hukaguliwa kwa adabu zaidi.

Mzee aliondoka siku ile ile bila kugusa chakula. Mama mkwe akatuma neno: nisikanyage kwao, na mtoto asipelekwe, mpaka mwanawe aende na ng'ombe amwombe baba yake radhi. Nikamwambia mume wangu, nikapiga na magoti.

“Nikaombe radhi kwa sababu ya ushamba?” akanijibu. “Wageni wametusifu.”

“Wamekusifu wewe. Baba yako wamemchekelea.”

“Wewe wa darasa la nne utanifundisha mila?”

“Nani aliyekufundisha wewe kumfunga baba yako kamba?”

Akachukua kofia, akatoka. Wiki hii ameniambia kutakuwa na mkutano mwingine, hapa hapa Mbeya, naye amekwisha kuwaahidi kwamba nitasimama tena. Amesema wanaleta na mashine ya picha.

Ningekwenda mwenyewe Rungwe kuomba radhi. Lakini nitaombaje? Anayestahili kuombwa ni mtu nisiyeruhusiwa kusema naye, na mwenye ruhusa ya kusema naye hataki. Naweza kumfunga mtoto mgongoni nipande basi bila ruhusa ya mume, nikae njia panda ya kwao mpaka mama mkwe apite kwenda kisimani, nimwekee mjukuu mikononi. Moyo unaniambia babu hawezi kumkataa. Mtoto ameanza kucheka kwa sauti, na babu yake hajasikia. Lakini nikienda hivyo mume anaweza kusema nimeiacha nyumba. Nikibaki, nitasimamishwa tena mbele ya wale watu.

Akina mama wenye wakwe, nishaurini, nifanye nini? Niende au nisubiri? Wanaoandika vitabu juu yetu wasijisumbue kunijibu.